Mguu wa Lipiko

Mguu ule haukuwa na vidole viwili.

Wale mlionilalamikia wiki nzima kwamba nimewakatia hadithi pabaya, tulieni, ndipo tunapoanzia. Na wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikupe mambo kwa ufupi, maana mahakama haimngoji mtu.

Odete ni Wakili wa Serikali hapa Mtwara mjini. Ni mtoto wa Kimakonde, babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Katika kesi hii kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba Arsenio, mkulima wa mpunga wa Kilambo, alimkaba Isabel, muuza vitenge, hadi akafa kando ya mto jua likizama. Walikuwa wamegombana hadharani juu ya shamba la bondeni. Arsenio akipatikana na hatia, adhabu yake ni kunyongwa.

Alipoulizwa na polisi alikuwa wapi jioni ile, Arsenio alijibu, "Nilikuwa nilikokuwa." Hakuongeza neno.

Asubuhi ya leo shahidi mkuu wa mashtaka, Jafari, alikula kiapo akasema aliona kwa macho yake. "Nilikuwa nachukua udhu pale Kilambo, adhana ya magharibi inaadhiniwa. Nikamwona Arsenio kamwinamia yule mama, mikono shingoni." Jaji akaahirisha watu wakale. Saa nane Jafari angerudi kuhojiwa na utetezi.

Odete hakula. Alibaki ofisini na simu ya marehemu, akaitoa kwenye bahasha ya polisi ili ajiandae, akakuta video ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Tarehe yake ilikuwa ya siku ileile Isabel alipouawa.

Ilikuwa ngoma ya jando, Magomeni, hapa hapa mjini. Vijana wanatolewa jandoni na lipiko anacheza. Kwa msiojua, lipiko ni mchezaji aliyevaa kinyago cha kichwa na kufungwa nguo mwili mzima, kuanzia shingo hadi nyayo. Kwa desturi ya Wamakonde mle ndani hamna mtu. Ni mzimu umekuja kuwapokea vijana. Wanaume waliopita jando wanamjua aliyevaa. Wanawake hawamjui, na wakimjua hawasemi.

Katikati ya video adhana ya magharibi ikaanza kwenye msikiti wa jirani. Wapiga ngoma wakanyamaza kwa heshima, kama wanavyofanya siku zote pale mtaani. Lipiko akasimama wima bila kutikisika. Na katika kusimama kule, kitambaa cha mguu wa kushoto kikalegea kikaanguka.

Hapo ndipo Odete aliposimamisha picha. Mguu ule alikuwa ameuona kila siku ya kesi, ukiwa ndani ya ndala za mahabusu, kwenye kizimba cha mshtakiwa. Vidole viwili vilichukuliwa na mamba wa Ruvuma, na hakuna mtu wa Kilambo asiyeijua habari hiyo.

Aliogopa. Wala si kesi iliyomwogopesha.

Bibi yake alikuwa na dada ambaye hakusema. Alikua akisema vizuri tu, tena mcheshi. Alipokuwa mwari alimtambua kaka yake ndani ya lipiko, akaliita jina lake mbele za watu huku akicheka. Tangu siku hiyo hakutoa sauti mpaka alipozikwa. Odete alimwahi. Akiwa mdogo alikuwa akimpelekea uji, na yule bibi alifungua kinywa kumshukuru, midomo ikaenda, na hakuna kilichotoka.

"Mwanamke akimtaja aliye ndani," bibi alimfundisha unyagoni, "lipiko huchukua kile kilichomtaja."

Odete amesoma chuo kikuu, ameapishwa uwakili, anaishi mtaa wa Shangani hapa mjini kwenye nyumba ya vigae. Lakini pale ofisini, video ikiwa imesimama, aliendelea kuzisikia ngoma. Zilipiga taratibu, zikazidi. Alichelewa kutambua kwamba ni mtu anabisha mlango.

Sudi, mkuu wake wa kazi, aliingia bila kungoja kuitikiwa.

"Umeifungua," alisema.

"Bosi, ulijua kama ipo?"

"Nilijua kuna ngoma humo. Ngoma si ushahidi, mwanangu."

"Tazama mguu huu."

"Nimeutazama. Kusini hii ina miguu mingapi mibovu?"

"Adhana hii ni ya magharibi, tarehe ni ileile. Jafari anasema adhana ya magharibi ilimkuta mshtakiwa Kilambo. Kutoka Magomeni hadi Kilambo ni mwendo wa saa nzima kwa pikipiki, tena usiwe umechoka. Mtu hawezi kuwa huku na kule."

"Mtu gani?" Sudi aliuliza kwa upole. "Mtaje."

Odete akakitazama kinyago kwenye simu.

Sudi alitabasamu. Ni Myao wa Masasi, mila za majirani zake anazijua vizuri. "Unaona? Wewe mwenyewe huwezi. Sasa nani atasimama kumtaja? Video haimo kwenye orodha ya vielelezo vyetu. Hatuitumii, kwa hiyo hatuwapi."

"Bosi, tunayoyatumia tunawapa. Na yanayomfaa mshtakiwa tunawapa vilevile, hata kama yanatuumiza. Kupima kama yana uzito si kazi yangu wala yako. Ni ya utetezi na ya jaji."

"Nani kakwambia kila kitu kina uzito?"

"Mtu huyu akishindwa ananyongwa. Tukijua kuna la kumwokoa tukalikalia, hiyo si kesi tena. Ni kumvizia."

Sudi aliacha kutabasamu. "Mama yake Isabel yuko pale nje tangu asubuhi. Nenda kamwambie unataka kumpa simu ya mwanawe mtu anayemtetea muuaji."

Neno hilo lilimchoma Odete, na Sudi aliona kwamba limemchoma.

"Nani aliileta simu hii polisi?" Odete aliuliza.

"Mdogo wake marehemu, Nilza. Marehemu alimwachia awapige picha wapwa zao wakitoka jandoni. Alikuja nayo mwenyewe."

"Alisema nini?"

"Hakusema la maana. Alisema, tazameni yaliyomo."

Odete akaelewa, na moyo ukamuuma kwa ajili ya binti yule. Nilza aliuona mguu. Alisema lote ambalo mwanamke angeweza kulisema, na watu wazima wenye vyeo wakalitia kwenye bahasha.

Aliinakili video kwenye kompyuta, akaichukua pamoja na simu, akatoka. Sudi alimwita mara moja tu.

Naveed, wakili wa utetezi, alikuwa kwenye baraza la mahakama akila mhogo wa kukaanga. Ni kijana wa duka la vitambaa la Mikindani. Baba yake, mzee Zainulabedin, bado analia kwamba mwanawe ameacha biashara ya ukoo akaenda kutetea wezi.

"Dada Odete, chakula kimekupita."

"Chukua hii. Ni nakala ya video iliyomo kwenye simu ya marehemu. Ilipaswa ikufikie kabla kesi haijaanza. Haikukufikia, na kosa ni letu."

Naveed aliacha kutafuna. "Unanipa hivi hivi?"

"Sikupi zawadi, ni haki ya mteja wako. Neema, wewe ni shahidi kwamba nimempa." Neema, karani wa mahakama aliyekuwa akipita, aliitikia kwa kichwa.

Naveed akaifungua. "Naona ngoma."

"Endelea."

"Naona lipiko. Sasa natazama nini?"

"Chini."

Adhana ikasikika kwa sauti ndogo kwenye kompyuta. Naveed aliinama zaidi, kisha akanyanyuka polepole.

"Dada, huu mguu si wa..."

"Usiniambie," Odete akamkatiza. "Nenda kamwulize mwenyewe."

Naveed alishuka mbio kuelekea chumba cha mahabusu, mhogo akauacha ukutani.

Upande wa pili wa baraza mama yake Isabel alikaa juu ya mkeka, na Nilza pembeni yake. Nilza aliutazama mkono wa Odete, akaiona simu ya dada yake. Alivuta kanga akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika.

Sasa, msomaji, wewe ungetegemea nini? Mtu kaokolewa kutoka kwenye kamba, atapiga magoti amshukuru Mungu. Mimi pia nilitegemea hivyo.

Naveed alirudi uso umempauka. "Anakataa."

"Anakataa nini?"

"Yote. Nimemwonyesha, akageukia ukutani. Anasema mle ndani hamna mtu."

"Umemwambia kwamba hii ndiyo roho yake?"

"Nimemwambia kwa Kiswahili changu chote. Anasema mwanawe alikuwa mmoja wa waliotolewa siku ile. Mtoto alipokelewa na mzimu, hakupokelewa na baba yake. Nikimtaja, jando la mtoto limevunjika, na la wenzake wote, na watachekwa mpaka wazeeke." Naveed alijifuta jasho. "Dada, mimi ni mtu wa dukani, haya siyaelewi. Mficha uchi hazai. Mtu anajuaje kwamba atakufa, na bado anaficha?"

"Mimi namwelewa," Odete alisema. Na kwa kuwa alimwelewa, hofu ikamrudia.

"Amenikataza kumtaja," Naveed alisema akikusanya makaratasi yake. "Kuhusu Jafari hakunikataza kitu."

Kengele ikalia.

Jaji, mama wa makamo asiyependa kurudia maneno, alipokaa tu, Odete alisimama. Nyuma yake kiti cha Sudi kililia.

"Mheshimiwa Jaji, kabla shahidi hajaendelea, upande wa mashtaka una jambo la kukiri. Tulikuwa na video inayoweza kumsaidia mshtakiwa. Hatukuwapa utetezi. Nimewapa mchana huu."

Jaji alivua miwani. "Kwa nini hamkuwapa?"

"Sina sababu itakayokuridhisha, Mheshimiwa."

Watu wakanong'ona. Naveed akaomba ruhusa ya kumhoji Jafari kwa kutumia video ile. Odete akasema hana pingamizi, na alipokaa alisikia Sudi akivuta pumzi ndefu kwa pua.

Jafari alisimama kizimbani, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, ametulia kabisa.

"Shahidi," Naveed alianza, "adhana ya magharibi ilikukuta wapi siku ile?"

"Kilambo."

"Una hakika?"

"Nimeapa, bwana wakili."

"Magomeni hukufika hata kidogo?"

"Sikufika."

Neema akawasha televisheni ya ukutani.

Ngoma ziliijaza mahakama. Lipiko akatokea, kichwa cha mti chenye nywele za kweli na mdomo uliofumbuka. Akaielekea kamera kwa ghafla, na wanawake waliokaa nyuma wakajirudisha kwenye mabenchi, mmoja akacheka kwa mazoea kisha akajiziba mdomo. Na ndani ya video Nilza naye alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu ambaye bado ana dada. Mama yake Isabel alikisikia akaanza kulia kimya.

Adhana ikaanza. Ngoma zikakoma. Lipiko akasimama.

Odete alijua kinachokuja. Nyuma yake wanawake wote wa Kimakonde waliinamisha vichwa, hata wasiojua walikuwa wanainamia nini, kwa sababu Nilza alikuwa ameinama. Kitambaa kikalegea.

Basi kabla hakijaanguka, Jafari akaruka kutoka kizimbani.

Hakuna aliyewahi kumzuia. Alikimbia hadi ukutani, akavua kofia yake, akaibandika kwenye kioo cha televisheni, juu ya mguu ule. Na kwenye video, wakati huohuo, mtu aliyeipa mgongo kamera aliruka kutoka pembeni, akapiga magoti, akavua kofia, akaufunika mguu wa lipiko.

Odete alitazama mikono ile, ule wa ndani ya kioo na ule wa juu ya kioo. Nina hakika Jafari hakufikiri. Kazi ya msaidizi wa lipiko ni kuuficha mwili wa mzimu ukionekana, naye aliifanya kazi yake kama alivyoifanya siku ile. Mwili ulitangulia, akili ikachelewa.

"Shahidi," alisema jaji.

Jafari aliutazama mkono wake kana kwamba ameukuta njiani. Hakuutoa.

"Unaficha nini hapo?"

"Mguu, Mheshimiwa."

"Ulijuaje kwamba kitambaa kitaanguka? Ulikwisha kushuka kizimbani kabla mwenzako wa kwenye video hajainuka."

Jafari alitazama huku na huku. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imefika ukutani.

"Nilikuwepo," alisema. "Huyo ni mimi."

"Magomeni?"

"Magomeni."

Mahakama ikachafuka kwa minong'ono. Odete alijiuliza swali ambalo najua na wewe unajiuliza: mtu anayekimbilia kuuficha mguu wa mwenzake, kwa nini asubuhi alimtia kitanzi? Nani alimwambia aseme Kilambo? Lakini jaji alikuwa na swali lake, na lilikuwa baya zaidi.

"Mguu huo ni wa nani?"

Jafari akainua uso. Midomo ikafunguka.

"Usiseme, Jafari."

Ilikuwa sauti ya Arsenio. Tangu aliposomewa shitaka na kujibu kwamba si kweli, hakuwa ametoa neno mle ndani. Sasa alikuwa amesimama, mikono imekikamata kizimba.

"Mshtakiwa, kaa. Wakili wako atasema."

"Mheshimiwa, hapo ukutani hamna mtu. Zimeni." Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu anayefikiri kwa lugha ya nyumbani. "Nangu. Mimi nilimuua Isabel. Andikeni, muzime."

Naveed alikaa kitini. Mama yake Isabel alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Na Nilza, kwa sauti ndogo iliyomfikia Odete peke yake, alisema, "Anadanganya."

Sudi aliinama sikioni mwa Odete. "Umeshinda, mwanangu. Amekiri mwenyewe, mbele ya wakili wake, mbele ya jaji. Kaa kimya. Huna haja ya kufanya lolote."

Ilikuwa kweli. Angekaa kimya tu, basi. Video amekwisha kuitoa, wajibu ametimiza, hakuna atakayemlaumu. Arsenio angekwenda kwenye kamba kwa hiari yake, na mtu aliyemkaba Isabel kule mtoni angelala usingizi wake.

"Upande wa mashtaka," jaji aliuliza, "mna la kusema?"

Odete aliwatazama wanaume waliokaa nyuma. Wengi wao walikuwepo kwenye ngoma ile, aliwaona kwenye video. Wote walimjua aliyevaa. Wote walikuwa wanatazama mapangaboi ya darini. Jafari alikuwa amekaa sakafuni chini ya televisheni, kofia kifuani, analia. Nilza peke yake alimtazama Odete usoni, na macho yake hayakuomba kitu, yalingoja.

Alimkumbuka yule bibi wa uji. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe, na akasimama.

"Mheshimiwa Jaji, upande wa mashtaka haukubali maungamo haya. Mshtakiwa hakuwa Kilambo. Hakuua mtu. Anakiri ili jina lisitajwe."

"Jina la nani?"

Arsenio alitikisa kichwa taratibu. "Dada," alisema, "wewe umepita unyagoni. Dada yangu, tafadhali."

Hakuna aliyekumbuka kuzima televisheni. Adhana ikaisha. Ngoma zikarudi, na lipiko, mguu umekwisha kufungwa, akakigeuza kichwa chake cha mti kuelekea kwenye kamera, kuelekea mahali Odete aliposimama.

"Wakili," alisema jaji, "mtu aliye ndani ya kinyago hicho ni nani?"

Odete alifungua kinywa akalitaja. Midomo ilikwenda, neno zima, mwanzo hadi mwisho.

Jaji aliinamisha kichwa apate kusikia. "Sema tena."

Akasema tena, kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna kilichotoka.